Kauvimbe kwenye ufizi uliopandikizwa: nyama inaweza kunikataa baada ya miaka?

FundiPindo
Wakuu, habari za humu. Mimi fundi cherehani, kibanda changu kipo Majengo hapa Dodoma. Zaidi ya miaka 20 nimekata uzi kwa meno. Mkasi upo mezani, lakini mikono ikishika pindo, meno ndiyo yaliyo karibu. Ufizi wa meno mawili ya mbele chini ukashuka hadi mizizi ikawa nje. Nikinywa maji ya baridi naruka kwenye kiti.

2022 nilipanda basi hadi Dar. Wakakata kipande cha nyama kwenye kaakaa, wakakichomeka chini ya ufizi, wakashona. (Uzi wao mwembamba kuliko wangu wote. Nilimuuliza daktari sindano ni namba ngapi, akacheka.) Kilichoniuma ni kaakaa, siyo ufizi. Wiki mbili nilikuwa mtu wa uji wa uwele wa vuguvugu.

Kukapona vizuri. Sasa pametokea kauvimbe kama punje ya uwele, palepale kwenye kiraka. Hakaumi. Jumapili nilikaminya mbele ya kioo, kikatoka kitu cheupe kizito kama dawa ya meno, hakina harufu. Siku nne tu kakajaa tena. Jirani yangu muuza zabibu anasema nyama imekataa. Nyama yangu mwenyewe?

TabibuKongwa
Pole fundi. Nyama yako haiwezi kukukataa, mwambie jirani auze zabibu.

Kaakaa lina ngozi ya juu. Chembe zake zikibaki kwenye kipande kilichozikwa chini ya ufizi, zinaendelea kujimenya humo humo kama ngozi yoyote, ila taka hazina pa kutokea. Zinajikusanya kwenye kifuko. Huo weupe uliouona ndio huo. Huweza kuchukua miezi, hata miaka.

Ila usijitibu kwa maneno yangu. Jino likifa kwa ndani nalo hutoboa ufizi na kutoa usaha, na kwa macho ni vigumu kutofautisha. Daktari wa meno atakupiga eksirei, atagusisha kitu cha baridi aone kama jino linahisi. Na acha kuminya, unakaribisha vijidudu.

MamaNkuhungu
Mwanangu, wako ni laini? Wangu ulikuwa mgumu, ukucha unateleza juu yake. Nikajua ni saratani, usingizi ukaisha. Kumbe mfupa umeota chini ya kiraka! Daktari akasema kama haunisumbui tuuache, na mwaka wa tatu huu upo. Kero yangu ni maganda ya bisi tu, na kiraka chenyewe kimebaki cheupe kuliko ufizi mwingine. Kwenye picha za harusi ya binti yangu nimefumba mdomo zote.

FundiPindo
Shikamoo mama. Wangu ulikuwa laini.

Nimerudi leo. Jino li hai, ule ubaridi niliusikia mpaka kisogoni. Daktari akanichoma ganzi, akachana kidogo, akatoa kifuko kizima, hata punje ya mtama ni kubwa. Amekitia kwenye kichupa kiende maabara, majibu wiki ijayo. Nyuzi mbili.

Mkasi nimeufunga utepe, nimeuvaa shingoni. Mchana nilikuwa napunguza suruali ya shule, nikashtuka nimeshainama na uzi uko mdomoni.

TabibuKongwa
Fundi!