Mjadala: Asiyefanya zamu katika ushirika wa nyumba, alipe pesa au afanye kazi?

Mwanachama, Barani (mwanzilishi wa mjadala)

Asalaam aleikum wanaushirika wa Malindi, na majirani zetu wa Lamu pia. Naleta jambo ambalo kwetu limegawanya watu hadi salamu zimeanza kuwa za mkato.

Sisi ni ushirika mdogo wa nyumba hapa Barani. Kiwanja tulikinunua kwa michango, nyumba zikajengwa kwa awamu. Sheria ndogo zetu zasema kila nyumba itoe mtu wa zamu: kufagia ua na kutoa taka, kuangalia pampu na matangi, kulinda lango usiku. Katika mkutano mkuu ujao kuna hoja kwamba asiyetaka zamu alipe kiasi kitakachopangwa, na kwa pesa hizo aajiriwe kijana. Upande mmoja wasema hapo ushirika umekwisha, tutakuwa wapangaji wa kamati yetu wenyewe. Upande wa pili wasema hatukununua hisa ili tushike fagio.

Mimi siko na hawa wala wale. Kufagia kunanunulika. Mtu akilipa badala ya kufagia na ua ukawa safi, sioni ushirika umepungukiwa na nini. Kazi ya hatari ni ile ambayo haimo kabisa katika orodha yetu ya zamu: kuandika risiti, kulinganisha taarifa ya benki na daftari, kumfuata jirani aliyelimbikiza madeni, kumwita mkaguzi wa hesabu, kuweka kumbukumbu za mikutano. Kwetu kazi hiyo imekaa kwa watu wale wale watatu miaka nenda miaka rudi. Wao wamechoka, sisi hatujui wanachofanya, na tukiuliza huudhika, kwa sababu hawajawahi kutuona tukija kusaidia.

Basi nauliza mambo mawili. Zamu ya mikono ilipiwe? Na kazi ya ofisi tuigawane vipi? Tafadhali asitajwe mtu kwa jina.

Mhudumu wa hoteli, Casuarina

Mimi ni wa kulipa, na sioni haya kusema. Kuanzia Disemba hadi Pasaka natoka alfajiri, narudi watoto wamelala. Zamu ya pampu ikiniangukia Januari, ama mke wangu aifanye, ama isifanyike.

Lakini njoo Mei, masika yamepamba moto, hoteli nyingi zimefunga au zimepunguza watu. Hapo siku ninazo, shilingi sina. Kwetu nasi kuna hoja kama hiyo yenu, nayo yataka kila mtu achague mara moja kwa mwaka mzima, kulipa au kufanya. Mpango huo umetungwa na mtu mwenye mshahara usiojua msimu. Sisi wa hoteli, na wavuvi ambao kusi ikichafuka hawatoki, turuhusiwe kulipa miezi ya kazi na kufanya zamu za wenzetu miezi ya ukata. Kuna watakaolipa Januari hadi Disemba. Pesa zao mbona asipewe mwanachama aliyekaa bure Mei, mpaka atafutwe kijana wa nje?

Bi wa nyumba ya kona

Kaka yangu wa hoteli ametoa siri: "ama mke wangu aifanye". Ndivyo ilivyo kila nyumba. Jina kwenye orodha ni la mume, fagio ni la mke.

Na hiyo orodha yenyewe ni nusu. Maji ya bomba kutoka Baricho yakikatika, kisha yakarudi saa nane za usiku, ni nani huamka kufungua koki kubwa ili tangi lijae kabla hayajakatika tena? Si kamati. Ni sisi, na alfajiri tuko jikoni kama kawaida. Maji ya kisima kwetu ni ya chumvi, chai hayanyweki, kwa hiyo hakuna kusema tutaamka kesho. Kazi ya koki haijaandikwa popote kuwa ni zamu. Mkishaanza kulipana, huyu wa koki atalipwa na nani?

Halafu hiyo ofisi. Wanawake hawa hawa wana vyama vyao vya mzunguko, kila wiki pesa zinakusanywa na kutolewa, daftari halina kasoro, na anayechelewa hufuatwa hadi mlangoni. Lakini mwekahazina wa ushirika lazima awe mwanamume aliyestaafu kazi ya serikali! Mikutano yaitishwa baada ya Isha, wakati wa kulaza watoto, kisha twaambiwa kina mama hawajitokezi. Itisheni Jumapili saa kumi alasiri, mtuone.

Dereva wa tuktuk

Ushirika umekuwa shokoa, kazi ya kulazimishwa? Nilinunua hisa nipate pa kulala. Nikilinda lango usiku kucha, kesho yake siwezi kushika usukani, na hesabu ya tajiri hainisubiri. Pangeni bei nitoe, yaishe.

Mwekahazina mstaafu, Shela

Bi wa nyumba ya kona, mwanamume mstaafu unayemsema ndiye mimi. Nilishika daftari la ushirika mmoja mjini hapa, nikaliacha, na hata niombwe kwa ubani sirudi. Acha niwaeleze kwa nini, kwa sababu watu hudhani ni kazi ya kukaa kivulini.

Mchango wa mwezi huja kwa M-Pesa. Huyu ametuma kwa namba ya mkewe, yule kwa namba ya shemeji yake, mwingine ametuma nusu na hasemi ni ya mwezi gani. Kumpata kila mmoja na nyumba yake ni kazi ya usiku mzima. Bado hujafika benki, bado hujamjibu fundi wa pampu anayedai. Anayefagia huonekana na kuambiwa hongera. Anayelinganisha risiti haonekani, na siku shilingi isipolingana huyo ndiye mwizi.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ilitaka kamati iwe na watu wasiopungua 5 wala kuzidi 9. Kwa ushirika mdogo, 9 ni jeshi. Nilichokiona mimi ni saba kuhudhuria chai na wawili kufanya kazi. Nao saba hawakuwa wavivu. Kazi ilikuwa haijakatwa vipande. Ukimwambia mtu "saidia hesabu" hajui aanzie wapi. Mwambie "wewe ni wa kuandika malipo ya nyumba hizi nane, kila tarehe 6," atafanya.

Kuhusu malipo nina neno. Msitoe posho ya kikao. Posho ya kikao huzaa vikao. Anayeshika kazi ya ofisi apunguziwe mchango wake wa mwezi, kiasi kiwe wazi kwenye bajeti, na mkutano mkuu ukipitishe. Na mkishuku kitu, sheria hiyo iliwapa njia: theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura, mkutano ukiwa ulitangazwa sawasawa, waweza kumwomba Kamishna wa Ushirika afanye uchunguzi. Hakuna haja ya kusemana barazani.

Mwanachama aishiye Mombasa

Nina nyumba huko, nimepangisha. Mchango nalipa kabla ya tarehe 5 kila mwezi. Zamu afanya mpangaji wangu, tulikubaliana. Sioni tatizo.

Mpangaji

Tatizo nalijua mimi, kwa sababu mwenye nyumba wangu naye yuko mbali kama wewe. Kodi nalipa, na ndani ya kodi mmetia huo mchango mnaojivunia kuulipa mapema. Zamu nafanya mimi, koki nafungua mimi. Nilipofika kikaoni kusema taa ya langoni imekufa, niliambiwa hilo ni la wanachama. Mwanachama yuko Mombasa, giza liko kwangu.

Mwalimu, Muyeye

Mpangaji amegusa penyewe. Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walikubaliana ardhi ibaki mali ya jamii nzima. Mtu ana jengo lake tu, na akitaka kuondoka auza jengo, ardhi haigusi. Walikuwa wakiogopa jambo hili hili, kwamba viwanja vitaishia kwa watu wasiolala hapo. Ugomvi wa zamu hauwezi kwisha ikiwa nusu ya wenye hisa hawajui pampu iko upande gani.

Mwanachama, Barani

Nashukuru, na hasa kwa la koki. Mimi mwenyewe nalala fofofo saa nane za usiku, kumbe tangi hujazwa na watu.

Niongeze mifano miwili ya nje. Uruguay walipitisha sheria ya makazi mwaka 1968, na mwaka 1970 likaundwa shirikisho la ushirika wa nyumba za kujitolea, FUCVAM. Humo familia hujenga kwa mikono yao, kwa kawaida saa 21 kwa wiki, wengi wao wafanyakazi wanaokuja jioni na mwisho wa wiki. Lakini pamoja na jasho lote hilo, msanifu wa majengo na mtaalamu wa hesabu hulipwa, sheria yenyewe imewapa nafasi. Hawakuona aibu kununua ujuzi, na hawakuuza uamuzi. Uamuzi ulibaki kwa mkutano wa wanachama. Wa pili ni ushirika wa makazi ya wanafunzi wa Berkeley, Marekani, ulioanza 1933. Huko kwa kawaida mkazi ana saa 5 za kazi kwa wiki, asiyezitimiza hutozwa, na anayesimamia orodha ya zamu huhesabiwa kuwa naye anafanya kazi.

Napendekeza hoja yetu ibadilishwe hivi. Saa zihesabiwe, na kila kazi iingie: koki ya usiku, risiti, kumbukumbu za mkutano. Zamu ya mikono inaweza kulipiwa mwezi kwa mwezi, kama alivyosema kaka wa hoteli, na pesa zimwendee kwanza mwanachama anayetaka kazi. Lakini kila nyumba itoe mtu wa kukaa na daftari kwa muda fulani, na zamu hiyo isilipiwe. Hata dereva wa tuktuk, hata mwenye duka.

Dereva wa tuktuk

Hao wa Uruguay wana tajiri anayengoja hesabu jioni? Lakini la daftari, hapo sawa. Kukaa na risiti Jumapili moja ni afadhali kuliko lango. Na nitaona pesa za pampu zilikwenda wapi.

Mwekahazina mstaafu, Shela

Napinga kidogo. Daftari likizungushwa nyumba hadi nyumba litafika kwa mtu asiyetofautisha hisa na mchango, na mwaka ukiisha mkaguzi hatalishika hata kwa koleo.

Bi wa nyumba ya kona

Basi afunzwe, mzee wangu. Wewe ulizaliwa ukijua? Wawe wawili kila wakati, mjuzi na mwanafunzi. Mjuzi akitoka, mwanafunzi anabaki na mwingine anaingia.

Mwekahazina mstaafu, Shela

Kwa wawili wawili nakubali. Na mjuzi wa kwanza asiwe mimi.

Mhudumu wa hoteli, Casuarina

Nasi tutaipeleka kwetu, ila sharti ya Jumapili alasiri iandikwe. Wahudumu wa zamu ya asubuhi huwa tumeshatoka.

Mpangaji

Yote mazuri. Saa zangu za koki zitaandikwa kwa jina la nani?

Mwanachama, Barani

Nimeliwaza. Naona ziandikwe kwa jina lako, na kodi yako ipungue kwa kiasi hicho, mwenye nyumba ajaze. Na uwe na haki ya kusema kikaoni.

Mwanachama aishiye Mombasa

Kusema kikaoni, haya. Kupunguza kodi tutazungumza. Kura hapana, kura ni ya hisa zangu.

Mwekahazina mstaafu, Shela

Kura si ya hisa, ndugu. Mwanachama mmoja kura moja, uwe na hisa moja au hamsini. Ila ni kweli mpangaji si mwanachama, na hilo ni la sheria ndogo zenu. Zifungueni, angalieni zamruhusu nani kujiunga.

Mwanachama aishiye Mombasa

Sitamuuzia mpangaji hisa zangu ili apate kura ya kunipandishia mchango.

Mpangaji

Basi maji yakija usiku, koki njoo ufungue wewe mwenye kura.