Naomba ushauri: rangi inang'aa, shimo halionekani shimo

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mchongaji, na kazi za Anish Kapoor zinaninyima usingizi. Huyu mzaliwa wa Mumbai (1954) anayeishi London hupaka umbo lililobonyea rangi ya unga iliyokolea, buluu au nyeusi, hadi jicho lishindwe kujua kama ni shimo au doa tu. Mwaka 2018, huko Porto, Ureno, mgeni mmoja wa makumbusho alitumbukia kwenye shimo lake lenye kina cha mita 2.5 hivi!

Nami nimejaribu. Nimechonga bakuli la mninga, upana sentimita 60, nikalipaka rangi ya mafuta ya buluu. Wapi! Linang'aa kama sufuria mpya, na mng'ao ndio unaofichua kina. Nikahamia rangi ya unga: haing'ai, ila ukiigusa unaondoka nayo mkononi.

Nichanganye gundi kiasi gani ili unga ushike bila kung'aa? Ndani nipige msasa au niache pakwaruze? Na ukingo je, uwe mkali au uviringike? Nahisi nimekosea hapo zaidi, maana kivuli kinaanzia pale. Aliyewahi kufanya anielekeze, hata kwa picha.