Nafasi ya msimamizi wa stoo imetangazwa kwa ndani, niombe vipi?

KaraniStoo:
Wakuu, habari za jioni. Hapa kiwandani wametangaza nafasi ya msimamizi wa stoo kwa wafanyakazi wa ndani tu, mwisho wa kupokea maombi Ijumaa ijayo saa 10 jioni. Mimi ni karani wa stoo, mwaka wa nne sasa, nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Tangazo linataka "shahada, au stashahada na uzoefu usiopungua miaka mitatu, usajili wa PSPTB utapewa kipaumbele" (PSPTB ni bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi). Bosi wangu nimwambie kabla au baada ya kutuma? Barua niiandikeje wakati wote wananijua? Na usaili wa ndani huwa wanauliza nini?

AfisaUtumishi:
Mkuu, mwambie kabla, tena leo au kesho. Sera za makampuni mengi zinataka barua ya ndani ipite kwa mkuu wa idara: chini ya anwani ya Meneja Rasilimali Watu unaandika "Kupitia kwa:" na cheo cha bosi wako, naye anaandika maoni na kusaini. Hapo ndipo watu hukwama, barua inalala mezani kwake hadi siku zinaisha. Chapisha nakala mbili. Moja mpe bosi, nyingine ipeleke ofisi ya utumishi siku hiyohiyo, igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akichelewa kusaini, ushahidi wa kuwahi unao.

Kabla ya kuandika, uliza ofisi ya utumishi mambo mawili. Sera inataka uwe umekaa muda gani kwenye nafasi ya sasa kabla ya kuomba nyingine? Na kama una barua ya onyo kwenye faili, bado ina nguvu? Yote mawili yanaweza kukuondoa kabla hata CV haijasomwa.

Kwa elimu upo salama, maana tangazo limesema "au". Kuhusu PSPTB, kama bado unafuatilia usajili, andika hivyohivyo, "maombi ya usajili yamewasilishwa", na uambatishe risiti. Usiandike kwamba umesajiliwa. Vyeti huhakikiwa, na uongo mmoja kwenye CV unaweza kukugharimu hata kazi uliyo nayo.

Kuhusu "wananijua", ndugu yangu, sahau kabisa. Jopo linajaza alama kwenye fomu, na kisichoandikwa au kutamkwa hakina alama. Barua iwe ukurasa mmoja, na badala ya "nimefanya kazi kwa bidii" weka namba. Mfano: "Katika hesabu ya mwisho wa mwezi, kati ya aina 1,200 za bidhaa ninazosimamia, 1,164 zililingana na mfumo, sawa na asilimia 97." Namba tatu za namna hiyo zinatosha. Chukua zile tu ambazo kazi yako inakuruhusu kuziona.

MzeeWaBohari:
Niongezee kwenye usaili. Kosa la makarani wengi ni kwenda kueleza ukarani. Karani anaulizwa "mzigo upo wapi?", msimamizi anaulizwa "kwa nini haupo, na umefanya nini usirudie kupotea?" Ni kazi mbili tofauti, na jopo linatafuta ya pili.

Swali ambalo karibu lazima lije ni la upungufu. Tuseme mfumo unaonyesha katoni 500 na rafuni zipo 470. Anayejibu "ningerekebisha mfumo" amejimaliza. Jibu lifuate mtiririko huu: unasimamisha kutoa na kupokea bidhaa hiyo, unamtuma mtu mwingine ahesabu upya bila kumwambia namba ya mfumo, halafu unalinganisha hati za kupokelea mzigo, hati za kutolea na kadi ya stoki tangu hesabu ya mwisho iliyolingana. Mara nyingi chanzo kinaonekana hapo: mzigo uliingizwa mara mbili, ulitolewa kwa mdomo hati ikasahaulika, kipimo kilichanganywa (mmoja kaandika katoni, mwenzake vipande), au mzigo wa kumrudishia msambazaji ulitengwa pembeni bila kuandikwa. Marekebisho ya mfumo yanakuja mwisho kabisa, kwa maandishi na kwa idhini ya mwenye mamlaka. Taja pia kwamba anayepokea mzigo hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha marekebisho. Sentensi hiyo moja inaonyesha unafikiri kama msimamizi.

La pili litahusu watu. Watakuuliza utafanyaje na karani mwenzako wa leo akianza kuchelewa zamu. Usijibu "nitaongea naye kirafiki" ukaishia hapo. Eleza kwamba utaanza na kumbukumbu za mahudhurio, utakaa naye faragha usikie sababu, mtakubaliana tarehe ya kuangalia tena, na isipobadilika utafuata utaratibu wa nidhamu wa kampuni kama kwa mtu mwingine yeyote.

Kila jibu lisizidi dakika tatu: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Na sema "nili-" pale ulipofanya mwenyewe. Wengi husema "tuli-" mwanzo hadi mwisho kwa heshima ya wenzao, jopo linashindwa kujua wao walifanya nini.

DadaMishahara:
Mmesahau pesa, na hapa watu huumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na ovataimu kwa mara moja na nusu. Lakini masharti hayo ya saa hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kwa hiyo uliza mapema: msimamizi wa stoo anaripoti kwa nani, na ovataimu inaendelea?

Piga hesabu. Tuseme mshahara wa msingi ni 600,000. Gawanya kwa saa 195 za mwezi unapata kama 3,077 kwa saa. Mara moja na nusu ni 4,615. Ukiwa unafanya ovataimu saa 40 kwa mwezi, hizo ni takriban 184,600. Ukipandishwa kwa nyongeza ya 150,000 na ovataimu ikafutwa, kabla ya makato umeshuka kwa 34,600 kila mwezi, na majukumu yameongezeka.

KaraniStoo:
Dada, hiyo ya ovataimu sikuifikiria kabisa, asante sana. Je, wakisema nikaimu kwanza?

DadaMishahara:
Kubali kwa barua tu. Iseme tarehe ya kuanza na ya kumaliza, posho ya kukaimu ni kiasi gani, na kwamba usipothibitishwa unarudi kwenye ukarani kwa mshahara wako wa sasa. Ukithibitishwa, masharti mapya ya ajira yaandikwe upya nawe upewe nakala. Kukaimu kwa maneno ya mdomo huwa hakuna tarehe ya mwisho.