Naomba ushauri: mapezi ya kuogelea ya mtoto wa miaka 5

Wazazi wenzangu, hamjambo? Binti yangu anajifunza kuogelea Jumamosi kwenye bwawa moja huku Kasarani. Kichwa anazamisha bila woga, kuelea anaelea, lakini miguu! Anapiga maji kama anayeendesha baiskeli: magoti juu, vifundo vimekakamaa, na hasogei. Mwalimu wake amesema nimtafutie mapezi ya kuvaa miguuni, yale mafupi ya mpira laini, ili azoee teke linaloanzia nyongani. Marefu ya wapiga mbizi hayataki kabisa, ati yanachosha miguu midogo.

Shida yangu ni saizi. Anavaa kiatu namba 28. Muuzaji mmoja mjini ananihimiza nichukue makubwa kwa sababu "atakua tu, mama". Kwa kiatu cha shule sawa, lakini pezi linalopwaya si litamchubua kisigino, au limchomoke katikati ya bwawa? Nimewaza kumvalisha soksi ndani.

Waliopitia haya, mlichagua ya kufunika kisigino au ya mkanda? Ya mtumba pale Gikomba yanafaa, ama mpira huwa umeshakauka na kupasuka? Na mlimvua baada ya raundi ngapi, asije akayategemea?