Michoro ya Mazinaw: apigeje picha akiwa mtumbwini?

Mkazi_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anasoma Ontario, Kanada. Septemba wanakwenda ziwa Mazinaw, hifadhi ya Bon Echo, kupiga picha michoro ya kale ya ngeu (rangi ya udongo mwekundu). Iko kwenye jabali juu kidogo ya maji, wataifikia kwa mitumbwi ya kukodi. Ana kamera ya kubadilisha lenzi. Aiseti vipi, na achunge nini?

Fundi_Ilala
Stendi aiache, mtumbwini haina kazi. Jabali liko mashariki mwa ziwa na limetazama magharibi, kwa hiyo asubuhi liko kivulini. Apige muda huo. Jua la alasiri likiligonga uso kwa uso, ngeu inapauka. Lenzi ya milimita 50, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde maana mtumbwi hautulii, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400 hadi 800. Flashi azime.

Muhimu kuliko vyote: ahifadhi faili ghafi (RAW), si JPEG. Michoro hafifu huibuliwa na DStretch, nyongeza ya ImageJ, programu ya kuchambua picha, inayovuta rangi zilizokaribiana ziachane. Kwa wekundu aanze na mpangilio wake wa rangi uitwao LRE, kisha YRE. Ukiipa JPEG iliyobanwa sana, inakuza na uchafu wa mbano. Unaona viraka vya mraba, unadhani ni mchoro.

Nahodha_Kigamboni
Kaka, mwambie achunge upepo wa magharibi. Jabali lina kama mita 100 juu ya maji na linazama wima. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 145. Wimbi likigonga ukuta ule linarudi na kukutana na linalokuja, maji yanachafuka papo hapo. Pa kupandia hakuna, na nanga haifiki chini. Mmoja apige picha, mwingine asiachie kasia. Jaketi okozi livaliwe, lisigeuzwe mto wa kukalia. Upepo ukianza, wavuke kurudi.

Mkazi_Sinza
Asanteni sana. Nasikia wengine humwagia maji mchoro ili ung'ae. Afanye hivyo?

Mama_Kale
Asithubutu! Maji huyeyusha chumvi za mwamba, yakikauka yanaacha ukoko mweupe juu ya mchoro. Ngeu ile imedumu kwa sababu madini yaliyochuruzika mwambani yameifunika kwa utando mwembamba. Kidole nacho kinaacha mafuta, asiguse. Hata Mungomi wa Kolo, pango la michoro kwetu Kondoa, pombe ya tambiko inayorushwa ukutani inaharibu michoro, ingawa pale kuna imani ya watu na huwezi kufunga mlango tu.

Mazinaw pia ni mahali patakatifu kwa Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huko. Akikuta tumbaku ya sadaka imewekwa mwambani, aiache ilivyo.

Michoro inazidi 260, haimaliziki kwa asubuhi moja. Aanze na Nanabush, shujaa wa hekaya zao, yule mwenye masikio ya sungura.