Je, mkuu wa kampuni ya kimataifa awe raia wa nchi ilikoanzishwa?

Hoja iliyo mezani ni kama kampuni inayofanya biashara katika nchi nyingi iongozwe na raia wa nchi ilikoasisiwa, au uraia usiangaliwe kabisa. Upande mmoja unadai kwamba mgeni hawezi kuielewa kampuni kwa undani, na wa pili unashikilia kuwa kinachotakiwa ni uwezo tu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinamkodolea macho mtu mmoja aliye juu, ilhali jambo lenyewe ni nani mwenye kura na nani wanaoketi naye kwenye bodi.

Tuitazame Nissan, kampuni ya magari ya Japani. Mwaka 1999, ilipokuwa imelemewa na madeni, Renault ya Ufaransa ilinunua sehemu ya hisa zake na kumpeleka Carlos Ghosn, mzaliwa wa Brazil mwenye asili ya Lebanon na uraia wa Ufaransa. Mpango wake ulipunguza ajira 21,000 na kufunga viwanda vitano, faida ikarejea, naye akasifiwa mno Japani. Alipokamatwa Tokyo mwezi Novemba 2018 kwa tuhuma za kuficha sehemu ya malipo yake, tuhuma anazozikana, mazungumzo mengi yalirudi kwenye ugeni wake. Lakini manung'uniko ya Nissan yalikuwa na mzizi mwingine: Renault ilishikilia asilimia 43.4 ya hisa za Nissan pamoja na kura zake, huku Nissan ikiwa na asilimia 15 za Renault zisizo na kura hata moja. Hata kama Ghosn angezaliwa Yokohama, Japani, hesabu hiyo isingebadilika. Ilirekebishwa mwaka 2023 tu, kila upande ulipobaki na kura za asilimia 15.

Kisa cha Olympus, kampuni ya Japani ya kamera na vifaa vya tiba, kinanigusa zaidi. Mkuu wake, Michael Woodford, Mwingereza aliyeitumikia kampuni hiyo kwa takriban miaka 30, alihoji malipo makubwa yasiyoeleweka. Tarehe 14 Oktoba 2011 wajumbe wa bodi walinyoosha mikono kumwondoa, yeye mwenyewe akinyimwa nafasi ya kusema, kisha akaambiwa apande basi kwenda uwanja wa ndege. Baadaye ilithibitika kwamba hasara ya takriban dola bilioni 1.7 ilikuwa imefichwa kwa miaka mingi. Alikuwa na cheo, lakini chumbani mle hakuwa na mtu wa kumuunga mkono.

Nakubali kwamba kuijua kampuni kwa ndani ni muhimu, ila ujuzi huo hupatikana kwa kupanda ngazi. Satya Nadella, mzaliwa wa Hyderabad, aliingia Microsoft mwaka 1992 na kuwa mkuu wake mwaka 2014. Paul Bulcke, Mbelgiji, alifanya kazi Peru, Ecuador na Chile kabla ya kuiongoza Nestlé ya Uswisi. Kinachonikera ni kampuni ambazo meneja hodari wa tawi huishia kuwa mkuu wa tawi, kwa sababu maamuzi hupangwa makao makuu, katika vikao asivyoalikwa.

Ndugu zangu mnaotaka kila tawi liongozwe na mzalendo, naomba mnijibu hili: mtaridhika akiteuliwa mwenzenu, huku mtaji, mgawo wa faida na bei ambazo matawi huuziana bidhaa vikiendelea kuamuliwa mahali asipokuwa na kura?