Hadithi ya baba aliyepotea Ziwa Turkana: siri ifichuke wapi?

mwana_kalamu
Assalamu alaikum wandugu. Nina hadithi ya maneno kama 7,000. Baba, mchuuzi wa ng'onda kutoka Mombasa, anatoweka Loiyangalani, mji ulio ufuoni mwa Ziwa Turkana. Miaka minane baadaye bintiye, ambaye ndiye msimulizi, anafunga safari ya huko pamoja na mamake. Wote wanaamini alizama, kwa sababu mtumbwi wake ulikutwa mtupu ufuoni karibu na mji, alfajiri moja iliyo shwari. Kumbe aliuawa nchi kavu, katika ugomvi wa fedha na nduguye, na mama alijua tangu siku ile. Siri inatoka kwa barua, ukurasa wa 19 kati ya 22. Waliosoma wanasema wamelaghaiwa. Niilete barua mapema, au niifute?

mhariri_hadithi
Ifute. Kuchelewa kwa siri si tatizo. Wasomaji wako wamekasirika kwa sababu wakirudi mwanzo hawaoni dalili hata moja waliyopita juu yake. Weka angalau tatu, na ya kwanza iwe ndani ya kurasa mbili za mwanzo. Kila dalili iwe na maelezo yake ya kawaida wakati huo: mama akikataa kulitazama ziwa, msomaji aseme ni majonzi tu.

Angalia pia msimulizi. Akisimulia kama mtu aliyekwisha kujua yote huku anatuficha, hilo ndilo ulaghai wenyewe. Mweke ndani ya safari, ajue kile anachokiona siku hiyo.

Na kurasa tatu baada ya siri hazitoshi kabisa. Binti amemlilia baba aliyezama. Sasa inambidi amlilie aliyeuawa, na pengine ni amu huyo huyo aliyemlipia karo. Acha kurasa sita.

upepo_wa_kulal
Alfajiri shwari pale haiaminiki. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, halafu hupungua alasiri. Nyumba hutikisika, mchanga huingia kwenye chakula, na watu huzungumza kwa sauti ya juu. Kitu kingine: Loiyangalani iko upande wa mashariki wa ziwa. Chombo kisicho na mtu kingesukumwa kuelekea magharibi, mbali na mji. Mtumbwi kukutwa karibu na mji maana yake kuna aliyeuleta. Usilisahihishe kosa hilo, dada, ndiyo dalili yako bora!

Usiutegemee ukiwa wa mahali kwa kukata simu, maana mtandao upo mjini. Ziwa lenyewe linatosha kutisha: maji ya magadi, mamba, na halina mto wa kutokea. Mwaka 1934 watafiti wawili wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Ndiyo maana jibu la "alizama" hukubaliwa upesi hivyo.

binti_pwani
Umeiruka eda, yaani muda wa mjane kumwombolezea mumewe, na humo ndimo mama anapojifichua. Mume aliyepotea bila maiti ni mafkudi. Mkewe hubaki mke mpaka kadhi ahukumu kuwa amekufa. Hapo ndipo eda inaanza, miezi minne na siku kumi, bila manukato, wanja wala hina. Sasa mama yako akae eda wiki ile ile, wenzake baba wakiwa bado wanamtafuta ziwani. Binti alikuwa mdogo, atakumbuka tu chupa ya udi iliyofungiwa kabatini. Msomaji wa pwani atashtuka baadaye: alijuaje?

Sababu ya safari nayo iweke wazi. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa. Miaka yako minane inakaa sawa. Ndugu wanataka kugawana kiwanja, wanafikiria Mahakama Kuu, na mama atatakiwa kuapa kwamba hajui alipo mumewe. Kiapo hicho kitafanya kazi ya barua.

mwana_kalamu
Allah awalipe. Mtumbwi unabaki ulipo. Nani autaje upepo? Binti hajui lolote la ziwa.

upepo_wa_kulal
Mvuvi wa Kielmolo, jamii ya wavuvi wa hapo ziwani, kurasa nane hivi kabla ya kiapo. Binti amwonyeshe mahali ulipokutwa, naye aulize tu: "Ulikuja ukipanda upepo?" Kisha arudi kwenye nyavu zake, na mama aseme jua linazama, waondoke.